Joho la Mfalme, Koti la Komanda

Kamina, Jumapili alasiri

Ramazani mwanangu,

Ukiisoma barua hii utakuwa umeshavuka daraja la Bukama, baridi ya Tenke imeanza kukuingia, na umefungua sanduku kulitafuta koti lako. Halimo. Usimshuku abiria mwenzako. Nimelitoa mimi mchana huu, ulipokwenda kuwaaga rafiki zako, na mahali pake nimeweka barua hii pamoja na ile sweta ya kijani usiyoipenda. Vaa sweta. Kisha soma mpaka mwisho kabla hujanikasirikia. Hasira zako nazijua, umezirithi kwangu.

Sitakuandikia mambo ya kuswali, kula na kufua nguo. Una miaka ishirini na minne, na kama hayo hayajakuingia mpaka leo, karatasi haitayaingiza. Nataka kukuambia habari za baba yako. Ulipotoka shuleni Likasi nilikuambia kwamba vita vilimchukua kama vilivyowachukua wengi. Sikusema uongo. Lakini nilikuachia nusu, na nusu niliyoificha ndiyo inayonihusu mimi.

Unamkumbuka Baba Kanji, yule Muhindi mzee mwenye duka la chumvi, nyuzi na vitambaa karibu na stesheni. Mimi nilikuwa mteja wake mkubwa, nikanunua chumvi ya samaki kwa magunia, hata akaniwekea kigoda changu pembeni ya meza yake. Wazee wake walitoka Surat, mji wa bandari kule India, naye hakuchoka kusimulia habari za babu wa mababu zake, aliyekuwa tajiri wa lulu na vitambaa zama za wafalme wa Kimughali. Alisema babu yule alikuwa na meli zinazokwenda mpaka Uarabuni, lakini mali peke yake haikumtosha. Liwali wa bandari angeweza kuamka asubuhi moja akaifunga ghala yake, basi, biashara imekwisha. Kwa hiyo matajiri wa Surat walikuwa wakimtafuta mfalme mwenyewe. Walisafiri wiki nyingi hadi barazani kwake, wakasimama mbele yake na vito juu ya kitambaa, wamevishika kwa mikono miwili. Mfalme akiigusa zawadi, wewe ni mtu wake. Asipoigusa, unarudi nyumbani ukiwa huna mtu.

Na aliyeguswa zawadi yake alipewa joho. Si joho la dukani. Lilitoka katika ghala ya mfalme, la hariri na nyuzi za dhahabu, na pengine lilikuwa limekaa juu ya mabega yake mwenyewe. Joho likitumwa Surat, hukulingoja nyumbani. Ulitoka nje ya mji na ndugu zako na ngoma, ukalipokea njiani, ukalivaa pale pale barabarani, ukainama kuelekea aliko mfalme, halafu ukaingia nalo mjini watu wakikutazama. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa forodha aliyethubutu kufungua mzigo wako.

Mwanangu, mimi katika hadithi yote ile nilisikia neno moja tu, forodha. Samaki wangu walikuwa wanatoka Mulongo na ziwa Kisale, wanapakiwa kwenye behewa Bukama, na kila kizuizi askari walikuwa wanashusha matita yangu kana kwamba niliwavulia wao. Halafu kwetu, sisi watu wa Maniema, babu zetu walifanya biashara na kila aliyeshika bunduki, akija huyu, akija yule. Nyumbani tuliita akili. Basi Komanda wa zamani, yule aliyekuwa na askari wa hapa kabla ya vita, alipohitaji samaki kwa kambi yake, nilichagua wakubwa waliokauka vizuri, nikaongeza asali, nikampelekea mwenyewe kwa mikono miwili. Nilijua ninachofanya. Akanyoosha mkono, akagusa.

Haukupita mwezi akatuma koti. Lilikuwa refu, la sufu nzito ya kahawia, na vifungo vitano vya shaba. Dereva wake alikuja kwanza kunipa habari.

"Komanda anasema hii koti iko ya bwana yako. Avae, bantu bote bajue."

Nikamwambia asililete nyumbani. Tutalifuata sisi. Nikawakusanya wanawake wa samaki, nikatafuta ngoma, nikamtanguliza baba yako, tukatoka mpaka njia ya kambi kulipokea. Unaona wazimu wangu? Baba yako, fundi Assani, mtu wa cherehani yake na baraza yake, ambaye alichukia kutazamwa hata msikitini, alisimama katikati ya barabara ngoma zikilia. Nilimvalisha mimi.

"Mama Rama," akaninong'oneza, "hii koti iko nzito. Iko sawa muntu ananishika mabega."

"Hiyo njo heshima," nikamjibu. "Utazoea tu."

Kesho yake alilipindua kwenye cherehani alipunguze kiunoni. Fundi anasoma nguo kama sisi tunavyosoma barua. Akaniita, akanionyesha matundu ya sindano za zamani kwenye mishono.

"Angalia. Bantu bane bamelivaa, miye niko wa tano. Huyu alikuwa munene. Huyu alikuwa mufupi, banapandisha mikono. Huyu moja, uzi yake haikukatwa na makasi, inakatwa na kisu."

"Na sasa beko wapi, hao bantu bane?"

"Miye nitajua namna gani?"

Akalishona kwa uzi wa bluu, kwa kuwa ndio uliokuwamo kwenye mashine siku hiyo, akafunga kila mwisho kwa fundo lake la mara tatu, likizungushwa kushoto, kwani alikuwa wa mkono wa kushoto kama wewe. Mimi nilikuwa na haraka ya kumwona barabarani.

Baadaye watu wakaanza kumwona mahali ambapo hayupo. Mama Ngoyi, jirani yetu mwalimu, ambaye hajawahi kusema uongo hata wa kunifurahisha, alinisimamisha uwanjani akitoka stesheni. "Nimemusalimia Papa Rama pale kwa gare, hakunijibu. Niko na kosa gani?" Baba yako alikuwa ndani, yuko mkekani siku ya tatu na homa, na koti liko ukutani kwenye msumari wake. Nikamwambia amemfananisha. Wiki iliyofuata wachukuzi wangu wakasema wamemkuta amesimama kwenye lango la kambi, amewapa mgongo, wakamwita na hakugeuka. Nikaenda kulitazama koti. Upindo wake ulikuwa na vumbi jekundu, lile la njia ya kambi, na uwanja wetu ni mchanga mweupe. Nikalipangusa, nikalirudisha msumarini.

Mifuko nayo. Baba yako hakuvuta sigara maisha yake yote, lakini mle ndani alikuta kiberiti. Akakuta tiketi ya treni ya mahali asipopajua. Akakuta jino la mtoto limefungwa kwenye kipande cha karatasi. Vyote alivipanga juu ya meza ya mashine, akasema si vyangu, akavitupa. Siku mbili tatu baadaye mifuko ilikuwa na vitu vingine. Akaacha kuingiza mikono mle.

Na majirani zetu Waluba walianza kupiga magoti wakipiga makofi taratibu, "Eyo, vidye," salamu wanayompa chifu. Nilifurahi. Kisha nikagundua kwamba macho yao yanaishia kwenye vifungo, hayapandi usoni kwake hata kidogo. Siku moja nilikuwa nimelianika koti kwenye kamba, mzee mmoja akapita, akainama, akalipigia makofi. Hakukuwa na mtu ndani yake. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nakuambia kweli, Ramazani, nililipenda lile koti. Nilipenda jinsi milango ilivyofunguka, hata nilipoanza kuogopa sikuacha kupenda.

Kuna jambo moja nililolifanya nalo ambalo mpaka leo linaniamsha usiku. Bukama, mama mmoja wa Mulongo alikuwa amengoja behewa muda mrefu, amelipata, samaki wake wamekwisha kupakiwa. Nikafika mimi na baba yako amevaa koti. Mkuu wa stesheni hakuuliza kitu, akaamuru mizigo ya yule mama ishushwe, yangu ipande. Samaki wake walikaa juani mpaka wakaharibika. Hakupiga kelele. Alikuja akamzunguka baba yako polepole, akimtazama kuanzia kola mpaka upindo, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Papa, weye uko ndani?"

Baba yako alilia njia nzima kurudi. Mimi nilimwambia amechoka.

Baba Kanji naye alipomwona akipita mbele ya duka, aliniita, akanifungia mlango, akanimalizia hadithi. Mfalme wa zamani aliugua. Wanawe wakaanza kupigana, na kila mmoja alipofika Surat aliwataka matajiri wamwinamie. Babu yule alikuwa na joho la baba yao. Akaja mtoto mmoja akampa lingine, akainama. Akaja mwingine akampa la tatu, akainama. Yakawa matatu ndani ya sanduku. Walipoyatoa kuyaanika juani, wanawake wa nyumbani waliona mikono ya joho haikulala bapa, imejaa. Wakawa wanayaanika wakiwa wamegeuza nyuso. Siku ya siku, aliyeshinda alituma watu, nao hawakumuuliza ila swali moja, wewe ni yupi kati ya hawa watatu? Akachagua moja, akalivaa. Walimchukua ndani ya lile alilodhani ndilo lenyewe.

"Na joho?" nikauliza.

"Joho harudi kwa mutoto yako, mama. Anarudi kwa ghala ya mufalme. Anangoja mabega ingine." Akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Tupa hii koti kwa Lualaba. Sema imepotea. Nakuomba."

Nikamwambia ananionea wivu, Muhindi mzima hajapewa hata skafu. Mwezi ule ule alifunga duka akaenda Zambia, wala hakuniaga. Nilistahili.

Vita vilipotukaribia, Komanda alipanda ndege na watu wake. Siku tatu mji haukuwa na askari hata mmoja, na ukimya wake ulikuwa mbaya kuliko bunduki. Siku ya nne tukasikia wale waasi wanaotoka mashariki wanaingia kwa miguu. Asubuhi ile baba yako alivaa shati lake la kazi, lile lenye pini kwenye kola, akaniambia twende tukajifiche kwenye mashamba ya akina Mama Ngoyi. Nikakataa. Nikamwambia hawa nao ni serikali, nao wana macho, mtu aliyevaa hivi hawatamgusa, watamhitaji. Ndivyo nilivyokuwa nimeielewa dunia, kwamba kila mwenye nguvu analitambua joho. Kulitambua walilitambua.

Nikalitoa kwenye msumari.

"Zaina," akasema. Hakuwa na desturi ya kuniita kwa jina langu. "Leo usinivalishe."

Nilimwingiza mkono mmoja, nikamwingiza wa pili. Nikafunga vifungo vyote vitano, nikamlainisha mabega kwa kiganja, nikamsukuma kidogo kwenda barazani. Hilo ndilo nililolificha, mwanangu. Vita havikumvalisha. Nilimvalisha mimi, na aliniomba nisifanye.

Hawakumuuliza jina. Mmoja wao alinyoosha kidole tu, "Koti njo hii," wakalishika koti mikono yote miwili wakaenda nalo, na baba yako ndani yake. Mchana watu walikuja kuniambia nikamtafute nyuma ya stesheni. Tulimleta kwenye mkeka, mimi na Mama Ngoyi na mume wake. Alikuwa na shati la kazi, na tundu la risasi katikati ya mabega. Koti halikuwapo, na Mungu anisamehe, katika saa ile nilishukuru kwamba halipo.

Haya, sasa njoo kwenye Ijumaa iliyopita. Vita vingine vimekuja, Komanda mpya anataka samaki, na wewe na mdomo wako mtamu ukampelekea. Akakupenda. Nani asiyekupenda ukicheka? Akakupa kazi ya kuwanunulia askari wake chakula kutoka Lubumbashi, akasema watu wake watakupokea stesheni, "batakujua kwa koti." Ukarudi nalo mkononi, jeusi, refu, ukalivaa mbele ya kioo, ukaniita nikuone. Nilikuambia limekukaa, nikakimbilia jikoni. Ulidhani nalia kwa sababu unaondoka. Nililia kwa sababu lilikuwa limekukaa kweli, mabegani, kiunoni, kwenye mikono, bila fundi kuligusa. Nikakushauri ulifunge sandukuni lisichafuke njiani, nawe kwa mara ya kwanza maishani ukanisikiliza.

Leo nimelipindua. Sufu imetiwa rangi nyeusi, lakini uzi haukuishika ile rangi. Uzi ni wa bluu. Kiunoni, mabegani, kwenye mikono, na kila mwisho kuna fundo la mara tatu limezungushwa kushoto. Nimeyahesabu mafundo yote kwa kucha. Mgongoni, katikati ya mabega, kuna mahali palipotiwa kiraka na mkono mwingine, kazi safi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nimeweka kidole changu pale. Mfukoni kulikuwa na tiketi ya treni kutoka Lubumbashi kuja Kamina. Imekwisha kutobolewa, kana kwamba safari ya kurudi umeshaimaliza.

Nimekaa na makasi, nimeutoa uzi wa baba yako wote. Umo ndani ya karatasi hii ndogo iliyokunjwa. Huo ni wetu, hawakutupa wao.

Sasa sikiliza. Wanaokungoja Lubumbashi hawajui uso wako. Ukishuka utawaona, watakuwa wanaangalia mabega ya watu. Wewe una sweta ya kijani iliyolegea, hakuna atakayekutazama mara mbili. Wapite. Usigeuke, hata ukisikia mtu anakuita kwa jina. Nenda Kipushi kwa mama yako mdogo Asha, ana meza ya samaki sokoni, mwambie nimekutuma uketi kando yake. Utachoka, utanuka samaki, wasichana watakukimbia kidogo. Mimi nilianza hivyo, na miaka ile nilipokuwa nanuka samaki ndiyo baba yako alinipenda.

Kesho, treni yako ikishaondoka, nitalichukua koti nilirudishe kwa Komanda mwenyewe. Nitapita sokoni, watu wote wanione, na nitalibeba kwenye mikono, silitii mabegani. Kulitupa mtoni nimefikiria, lakini wangekutafuta wewe. Nitamwambia nimeliiba mimi kwenye sanduku lako, hukujua, na mwanangu simtoi. Pengine atacheka. Pengine hatacheka. Mimi si shujaa, herufi zangu zimepinda, angalia mwenyewe. Lakini nimeshaingiza mikono ya mtu mmoja mle ndani. Ya pili siingizi.

Nisamehe kwa baba yako. Sikuombi uniambie, nisamehe tu huko huko uliko.

Na neno hili ulishike kuliko yote. Watakapokukosa, watataka urudi. Atakuja mtu mzuri, mwenye adabu, atakuambia mama yako anaumwa, anakuita. Atakuja na barua, na mwandiko utafanana na wangu. Pengine siku moja utaniona mimi mwenyewe kwenye stesheni ya huko, nimesimama, nimekupa mgongo. Usinisogelee. Mimi ninakupenda kuliko pumzi yangu, Ramazani, na kwa hiyo sitakuita. Nikiugua sitakuita. Nikifa sitakuita. Yeyote atakayekuita Kamina, hata akiwa na sauti yangu, si mama yako.

Zaina